Wazazi, Mnasema Nini Mezani?



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya fedha za nyumbani, uaminifu, wakwe na ulevi. Leo ningependa tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu hatulihesabu kuwa la ndoa. Ni maneno tunayoyasema juu ya jirani zetu tukiwa mezani, watoto wakisikia. Nitaanza kwa kujishtaki mwenyewe, maana mimi ni katekista, na si haki niwape wengine dawa ambayo mimi sijaimeza.

Jioni moja tulikuwa tunakula ugali na sukuma wiki. Mtoto wetu wa mwisho, aliye katika gredi ya sita, akasema kwamba hataki tena kuketi dawati moja na msichana fulani. Mama yake akamwuliza, "Mmegombana?"

Akajibu, "Hapana, Mama. Lakini hao watu si wa kuaminiwa. Siku moja watatugeuka."

"Nani amekuambia hivyo?"

Mtoto akanitazama bila ubaya wowote, akasema, "Ni Baba. Alikuwa akisema kwa simu."

Nilibaki na tonge mkononi. Ni kweli nilikuwa nimesema. Nilikuwa nikizungumza na ndugu yangu kwa lugha ya kwetu juu ya nafasi za kazi katika kaunti, nani amepata na nani amenyimwa. Mtoto alikuwa akifanya kazi yake ya shule hapo karibu. Nilidhani hasikii, na hata akisikia haelewi, kwa kuwa tumewalea watoto wetu kwa Kiswahili. Kumbe alielewa yote.

Basi nikafanya kosa la pili, kubwa kuliko la kwanza. Nikamwambia, "Hukusikia vizuri." Mtoto akainamisha kichwa, tukamaliza kula kimya.

Mke wangu hakusema neno mpaka watoto walipolala. Kisha akaniambia, "Baba watoto, yule mtoto alisema kweli, na wewe umemfanya mwongo." Nilikasirika. Nikamjibu, "Na wewe umeanza kuwatetea hao?" Nikalisikia lile neno "hao" likitoka kinywani mwangu mara ya pili. Akaniuliza swali moja tu: "Huyo msichana ni binti wa nani?"

Nilijua jibu. Ni binti wa jirani aliyetuficha mwaka 2008.

Wengi wenu mnakumbuka siku zile. Tulipiga kura tarehe 27 Desemba 2007, na baada ya matokeo kutangazwa nchi ikawaka moto. Hapa Nakuru mjini tulikuwa na utulivu kiasi mpaka siku za mwisho za Januari 2008, ndipo mapanga na mishale ikaingia mitaani kwetu. Maelfu ya watu walikimbilia Uwanja wa Maonyesho na makanisani. Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu watu 1,133 waliokufa nchini katika ghasia hizo, na sehemu kubwa walikufa katika Bonde la Ufa. Mkataba wa amani ulitiwa sahihi tarehe 28 Februari 2008, lakini wengine hawakurudi tena nyumbani kwao.

Sisi wakati huo tulikuwa na mtoto mmoja mchanga. Mtaa wetu ulipovamiwa, jirani yetu, mtu wa kabila lililoambiwa kuwa ni adui zetu, alitubishia mlango usiku. Hakutueleza mengi. Alisema, "Chukueni mtoto na blanketi, twendeni." Akatuficha katika chumba chake cha nyuma siku mbili. Watu wake mwenyewe walikuja wakauliza, naye akawajibu kwamba hajatuona. Mkewe aliketi karibu na mlango akiimba kwa sauti, ili mtoto wetu akilia asisikike. Siku ya tatu akatusindikiza mpaka kanisani. Kama wale vijana wangetugundua, wangemuua na yeye.

Tangu hapo tumekuwa marafiki. Tuko jumuiya ndogo moja. Wake zetu wako chama kimoja. Alipofiwa na mama yake, nililala matangani siku tatu. Hata hivyo, kwa simu moja ya dakika kumi nilimfundisha binti yangu kwamba mtu huyo si wa kuaminiwa.

Labda msomaji unajiuliza, "Huyu katekista ni wa kabila gani, na huyo jirani ni wa kabila gani?" Sitakuambia. Lakini tujiulize kwa nini tunataka kujua kabla ya kuamua nani alikosa.

Wapendwa, ugonjwa huu huanza kwa maneno. Mimi nilikuwa mvulana wa shule mwaka 1992 vita vilipozuka Molo. Kabla ya nyumba kuchomwa, tulikuwa tumekwisha kusikia majina. Watu waliotoka kwingine waliitwa "madoadoa". Wengine waliitwa "kwekwe". Hebu fikiri: doa hufutwa, na kwekwe hung'olewa. Mtu akizoea kumwita jirani yake hivyo, mkono wake hauoni kazi ngumu siku akiambiwa afute au ang'oe. Askofu Raphael Ndingi Mwana'a Nzeki, aliyekuwa mchungaji wetu hapa Jimbo la Nakuru tangu mwaka 1971 hadi 1996, alisimama waziwazi akalaani mauaji hayo, ingawa kusema hivyo nyakati zile kulikuwa hatari.

Mwaka 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ilitoa orodha ya maneno ya chuki, na "madoadoa" na "kwekwe" yamo. Hilo ni jambo jema. Polisi anaweza kumkamata mwanasiasa akiyasema jukwaani. Lakini hakuna polisi anayeketi mezani kwako saa mbili usiku. Pale mezani, Mungu amewaweka baba na mama.

Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 6, Mungu anawaagiza wazazi wawafundishe watoto Neno lake wakiwa wameketi nyumbani, wakitembea njiani, wakilala na wakiamka. Hakutaja darasa la katekisimu! Alitaja nyumba na njia. Papa Yohane Paulo wa Pili katika waraka wake wa mwaka 1981 juu ya familia alitukumbusha kwamba nyumba ya Mkristu ni Kanisa dogo, na kwamba wazazi ndio waalimu wa kwanza wa imani. Mimi humfundisha mtoto wako saa moja kwa juma. Wewe humfundisha siku zote, hata usipokusudia. Wahenga walisema, mwana hutazama kisogo cha nina. Nami naongeza kwamba masikio yake yako kwa baba.

Naye Yakobo Mtume, katika sura ya 3, anaufananisha ulimi na moto mdogo unaoteketeza msitu mkubwa. Sisi tunaokaa karibu na Mau tunamwelewa vizuri. Wakati wa kiangazi, msitu unaweza kuteketea kwa sababu ya mtu mmoja aliyetupa njiti ya kiberiti akaenda zake.

Bwana wetu alipoulizwa jirani ni nani, alisimulia juu ya Msamaria. Wayahudi na Wasamaria walikuwa hawapatani kabisa. Mimi hujiuliza: yule Msamaria alipokuwa mtoto, alisikia nini juu ya Wayahudi kwa baba yake? Bila shaka alisikia mabaya. Hata hivyo alipomwona mtu amelala njiani, aliona mtu. Jirani yangu alifanya vivyo hivyo mwaka 2008. Mimi, niliyebebwa na huyo Msamaria, nilirudi nyumbani nikamsema vibaya mbele ya mtoto.

Basi nilifanya nini? Asubuhi yake, kabla ya uji, nilimwita binti yangu mbele ya mama yake. Nikamwambia, "Jana ulisikia vizuri. Mimi ndimi niliyesema, na nilikosa. Pia nilikosa nilipokuambia hukusikia. Nisamehe." Halafu nikamsimulia habari za chumba cha nyuma. Alikuwa hajapata kuzisikia! Miaka yote hiyo tulikuwa tumewaficha watoto wema tuliotendewa, lakini manung'uniko yetu hatukuyaficha.

Jumapili baada ya Misa nikamwendea jirani. Ilikuwa vigumu. Nilimweleza yote. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Ndugu yangu, hata kwangu husemwa. Mimi pia nimesema." Hatukukumbatiana kama wafanyavyo watu wa sinema. Tuliketi kwenye benchi nje ya kanisa, wanaume wawili wenye mvi za kwanza, tukiona haya. Lakini siku hiyo urafiki wetu ulikuwa wa kweli kuliko zamani.

Kutokana na hayo, ningependa kuwashauri wenzangu walio katika ndoa mambo manne.

Kwanza, mume na mke muwe walinzi wa ndimi zenu ninyi kwa ninyi. Mwenzako akianza kusema "hao watu wote wako hivi", usimwaibishe mbele ya watoto. Mngoje watoto walale, kisha umwambie kwa upendo. Na wewe unayeambiwa, usikasirike kama nilivyokasirika mimi. Siku ya arusi mliahidiana uaminifu, na kumwacha mwenzako apotee katika chuki huku umenyamaza si uaminifu.

Pili, msifikiri kwamba nawaambia msizungumze mambo ya nchi. La! Watoto wanapaswa kusikia wazazi wao wakizungumza juu ya bei ya unga, karo, mashamba, hongo na uchaguzi. Familia isiyozungumza hayo huwaachia watoto wafundishwe na barabara. Lakini semeni juu ya tendo na aliyelitenda. Kama afisa fulani ameiba, yeye ndiye mwizi. Mama anayeuza nyanya sokoni, aliyezaliwa kijiji kimoja na huyo afisa, hajaiba chochote.

Tatu, chungeni simu zenu. Siku hizi chuki haingoji mkutano wa hadhara, huingia kwa WhatsApp usiku mkiwa kitandani. Mkipokea ujumbe wa kulitukana kabila fulani, mwonyeshane, mwulizane: "Je, tungeusoma huu kwa sauti katika jumuiya yetu, mbele ya wote?" Kama hamwezi, basi usitumwe kwa mtu yeyote. Ufuteni.

Nne, muwe na rafiki wa kweli wa kabila jingine, ninyi wawili pamoja, si wa kusalimiana kanisani tu. Aingie jikoni kwenu, nanyi muingie kwake. Watoto wenu wamwite shangazi au mjomba. Sisi sasa tumekubaliana na jirani yetu kwamba familia zetu zitakwenda pamoja kuhiji Subukia, kwa Mama Bikira Maria, na akina mama wamekwisha kugawana kazi ya kupika chapati za njiani.

Mtihani wenyewe utakuja siku mwanao atakapomleta nyumbani mchumba wa kabila lile ambalo mlikuwa mkilisema. Nimewaona wazazi wanaopokea Komunyo kila Jumapili wakiikataa ndoa kwa sababu ya jina la ukoo tu. Waulizeni juu ya imani, tabia, kazi na ulevi, hayo ni haki yenu kuuliza. Lakini Kanisa halina kizuizi cha ndoa kiitwacho kabila.

Tarehe 27 Novemba 2015, marehemu Papa Fransisko alikutana na vijana katika uwanja wa Kasarani, Nairobi. Aliwaomba wasimame washikane mikono, iwe ishara ya kuukataa ukabila. Walisimama, uwanja mzima. Jioni wakarudi makwao, wakaketi mezani na wazazi wao. Sijui walisikia nini huko. Lakini ninajua watakachosikia wanangu leo jioni, kwa sababu hilo liko mikononi mwangu na mwa mama yao.

Juma hili, mkiwa wawili tu, ulizaneni maswali haya. Watoto wetu wametusikia tukisema nini juu ya jirani? Je, tumepata kuwasimulia wema tuliotendewa na mtu wa kabila jingine? Kuna mtu gani tunayepaswa kumwendea na kumwomba radhi?

Tusali: Ee Bwana, uliyeketi mezani pamoja na watu waliodharauliwa, uje uketi na kwetu. Utakase ndimi zetu baba na mama, ili watoto wetu wasirithi uadui ambao si wao waliouanzisha. Uwabariki wote waliotuficha siku ya hatari, na ututie moyo wa kuwaficha wengine. Ee Maria, Malkia wa Amani, utuombee. Amina.