Deni kwa Kilichoonekana

Picha zangu nyingi huanzia Soko la Samaki Feri, Dar es Salaam, wakati wa mnada wa asubuhi. Nachora kwa penseli kila ninachokiona: mpini wa ndoo, magamba yaliyonata viganjani, fundo la kanga kiunoni. Nikifika nyumbani nahamishia yote kwenye kitambaa kwa rangi ya mafuta, na mara nyingi hapo ndipo picha inapokufa. Kila kitu kimo, ila asubuhi yenyewe haimo. Basi nachukua kisu na kukwangua. Uso unaondoka. Kanga inabaki bapa jekundu mbele ya kijivu cha bahari, na ule mwinamo wa mgongo wa mama anayebeba ndoo unaanza kuonekana.

Je, nikimfuta uso mama yule, namdhulumu?

Swali hili linaninyima usingizi, kwa kuwa nimelelewa madrasa na nayajua maonyo juu ya watengeneza sura za viumbe. Lakini najua pia kwamba katika Suratul Hadid Mwenyezi Mungu anatajwa, katika aya moja, kuwa Adh-Dhahir, wa Dhahiri, na Al-Batin, wa Siri. Siwezi basi kuamini kwamba kinachoonekana ni ganda la kutupwa, wala kwamba kinatosha. Tazama nakshi za milango ya Mji Mkongwe, Unguja. Ni nadra kukuta sura ya mtu, ila samaki yumo, amepunguzwa hadi mistari na magamba, na hakuna mvuvi asiyemtambua.

Katika swali hilo la uso humkumbuka mchoraji Nicolas de Staël, aliyezaliwa Urusi mwaka 1914 akafanyia kazi Ufaransa. Alikuwa amejijengea jina kwa picha za dhahania, vipande vizito vya rangi visivyotaja kitu. Machi 1952 alikwenda uwanja wa Parc des Princes, Paris, kutazama Ufaransa ikicheza na Sweden usiku, chini ya taa. Alitoka pale akiwa hatulii. Alichora wanasoka picha baada ya picha, na kubwa kuliko zote ina upana wa mita 3.5. Hakuna jicho wala pua, ni mapande tu ya buluu, nyeupe na nyekundu, lakini miili inagongana na uzito wake unausikia. Baadhi ya wenzake wa kambi ya dhahania walisema amewasaliti.

Mimi naona alikuwa mwaminifu kuliko wao. Alikiona kitu, kikamdai, akalipa kwa rangi aliyokuwa nayo. Picha isiyodaiwa na chochote kilichoonekana, hata iwe na rangi tamu namna gani, kwangu ni pambo la ukuta.

Kwa hiyo kijana anayetaka kuingia moja kwa moja kwenye dhahania namsihi achore kwanza mikono ya watu, vidole na kucha zake, mpaka ajue ni kitu gani hasa anachokiacha.