Nani Ainame?

Kabla hujanunua roboti ya kufagia, pima vizingiti. Matangazo hayakuambii hivyo. Matangazo yanakuonyesha sebule ya mtu asiye na kizingiti hata kimoja, asiye na mkeka, asiye na watoto, na pengine asiye na jamaa. Roboti nyingi za namna hii hupanda kimo cha sentimita mbili hivi. Zaidi ya hapo inagota, inarudi nyuma, inagota tena, mwisho inalia kuomba msaada. Nyumba yetu hapa Shimoni ina vizingiti vitano, na kilicho kifupi kuliko vyote kina sentimita nne. Havikujengwa kwa ujinga. Mvua ya masika ikija na upepo, maji hayapigi hodi.

Cha pili ni mchanga. Vumbi la Nairobi ni jepesi, linafyonzwa. Mchanga wa pwani unaingia na miguu ya kila mgeni, una chumvi na unyevu, unakwama kwenye burashi na kula magurudumu. Cha tatu ni stima, inayokwenda na kurudi ipendavyo. Cha nne ni waifai, kwa sababu nyingi ya mashine hizi hutaka kuunganishwa na simu ndipo zikuchoree ramani ya nyumba, na sisi waifai yetu ni bando la simu yangu, na mimi huwa sipo nyumbani kila saa.

Nayajua haya yote kwa sababu nimeyasoma wiki tatu mfululizo. Niliacha chuo mwaka wa pili, lakini kwetu kitu chochote chenye betri kinaletwa kwangu, kana kwamba nilimaliza. Dada yangu mkubwa yuko Muscat, anafanya kazi za nyumbani. Mama ana mgongo mbovu, hawezi kuinama. Asubuhi tano kwa wiki anakuja jirani yetu kufagia, mama mmoja ambaye mimi namwita mama mdogo kwa heshima tu, hatuna udugu wa damu. Analipwa mia na hamsini kwa siku. Dada ndiye anayetuma hizo pesa. Sasa dada anataka atume pesa ya roboti, mara moja, yaishe. Kazi yangu ni kuchagua ipi.

Utauliza: na wewe kijana mzima, mbona usifagie? Nafagia. Jumamosi na Jumapili. Na mama hupita nyuma yangu na macho yake, kimya, ambayo ni mbaya kuliko matusi.

Nilidhani ni swali la bei na betri. Lakini kadiri nilivyofungua kurasa nyingi zaidi, ndivyo swali lilivyogeuka. Hakuna aliyeniuliza kama ni vizuri kumtoa mtu kazini ukaweka mashine. Wala hakuna aliyeuliza kinyume chake, kama ni vizuri mtu aendelee kuinama katika nyumba ya mwenzake kwa sababu tu ni rahisi kuliko mashine.

Neno lenyewe lina historia nzito. Roboti limetoka kwenye tamthilia ya Mcheki Karel Čapek, iliyochapishwa mwaka 1920, nalo neno amelitoa kwenye robota, yaani kazi ya shuruti ambayo mkulima alimfanyia mwenye ardhi bila kupenda. Kwa hiyo unaponunua roboti, kwa jina tu, umenunua mtu wa shuruti. Mtu wa Shimoni hawezi kulisikia hili akabaki vilevile. Kijiji chetu kimeitwa kwa ajili ya shimo, lile pango la matumbawe karibu na gati, na watalii wanaosubiri mashua za kwenda Kisite na Wasini hupelekwa kwanza humo, wakaonyeshwa vyuma vilivyobaki ukutani na kusimuliwa jinsi watu walivyofungiwa pale wakingoja kuvushwa kwenda Unguja. Tumekua na hadithi hiyo. Tunaiuza pia, nisifiche. Vijana wengi niliosoma nao msingi wamekula kwa kuisimulia.

Na Kiswahili chetu hakifichi kitu. Chukua kitenzi tuma. Anayetumwa ni mtumwa. Chukua tumika, unapata mtumishi. Chukua tumia, unapata matumizi. Mtu na chombo wametoka katika familia moja ya maneno, na mstari kati ya mtu unayemtuma na kitu unachokitumia ni mwembamba kuliko tunavyopenda kukubali. Sikiliza watu wakisema "nina msichana wa kazi". Ninaye. Kama vile nina friji.

Aristotle, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, aliandika kwamba kama vyombo vingeweza kufanya kazi vyenyewe, kitanda cha mfumi kikajifuma, basi mabwana wasingehitaji watumwa. Wanaouza mitambo wanaipenda sana hoja hii. Roboti inafagia, binadamu anasimama wima, utumwa umekwisha. Ila si mashine iliyofunga pango letu. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873 kwa mkataba ambao Sultan Barghash alilazimishwa kuutia saini na Waingereza, na kwenye ukanda huu wa pwani hali ya utumwa ikafutwa kisheria mwaka 1907. Baada ya hapo fagio lilibaki palepale. Kilichobadilika ni jina la aliyelishika: boi, yaya, hausigeli, dada wa kazi. Mwaka 2022 serikali ilipanga kima cha chini cha mshahara wa mfanyakazi wa nyumbani Nairobi na Mombasa kiwe Sh15,201.65 kwa mwezi. Waulize marafiki zako wangapi wanalipa hivyo. Uliza polepole, usije ukakosa marafiki.

Mwanahistoria wa Marekani, Ruth Schwartz Cowan, alitoa kitabu mwaka 1983 kiitwacho More Work for Mother. Hoja yake ni kwamba vyombo vya umeme havikumpunguzia mama wa nyumbani saa zake za kazi kama tulivyodhani. Viliondoa kazi za waliokuwa wakimsaidia, na kiwango cha usafi kikapanda, naye akabaki peke yake na mashine na matarajio makubwa zaidi. Nilimsimulia dada. Akacheka mpaka sauti ya simu ikakatika. Kule anakofanya kazi roboti ipo tayari. Kabla haijaanza, yeye anainua viti, anakunja mazulia madogo, anaokota waya za chaja na vidoli. Ikimaliza anamwaga vumbi lake, anakata nywele zilizojiviringa kwenye burashi, anaosha chujio. Kisha anafagia pembeni kwa mkono, kwa sababu mashine ni ya duara na pembe za nyumba si za duara. "Mimi ndiye yaya wake," akasema. Zamani walikuwa wakisafisha sebule mara moja kwa siku. Sasa ni mara mbili, maana si mashine inafanya?

Nikamuuliza, basi kwa nini umnunulie mama kitu ambacho unajua hakimalizi kazi?

Akanyamaza kidogo. Halafu akasema, "Sikiza we. Mimi hapa nainama nyumba ya watu vyumba saba. Nataka mtu mmoja katika ukoo huu asiiname. Na asimwone mtu mwingine akiinama kwa ajili yake. Mama anaona haya, hukujua?"

Sikujua kwamba mama anaona haya. Lakini nikikumbuka, asubuhi mama mdogo akiwa ndani, mama hutoka akakaa barazani, hata jua likiwa kali. Hawezi kukaa kitini mtu akipitisha fagio la chelewa chini ya miguu yake. Hili ni jambo ambalo sijaona mwanafalsafa akilieleza vizuri: kwamba kuna watu ambao kuhudumiwa kunawachoma, na kwao mashine ni namna ya kupata amani, wala si anasa. Mashine haichoki mbele yako. Huna haja ya kuikwepa.

Kuna upande mwingine, wa sitara. Nyumba ya pwani ina mpaka: mgeni barazani, ndani kwa wenyewe. Mama mdogo anaujua mpaka huo. Anayoyaona ndani yanabaki ndani, au angalau yakitoka tunajua yametokea wapi. Roboti nyingi za bei ya juu zina kamera. Desemba 2022 jarida la MIT Technology Review lilieleza jinsi picha zilizopigwa na Roomba za majaribio ndani ya nyumba za watu, mojawapo ya mwanamke akiwa chooni, zilivyoishia kwenye vikundi vya mtandaoni. Kampuni ilisema hizo zilikuwa mashine maalumu za kukusanya data, watu walikuwa wamekubali, na hazikuwa zile zinazouzwa madukani. Sawa. Lakini walioziweka mtandaoni walikuwa vibarua wa Venezuela waliolipwa kuzitazama picha na kuandika kilichomo, ndipo mashine ijifunze.

Hapo nilisimama kusoma, kwa sababu kazi hiyo naijua. Nilipotoka chuo niliifanya miezi minne kwa kampuni moja, nikichora visanduku kwenye picha za nyumba za watu nisiowajua: hiki kiti, hii waya, hiki kinyesi cha paka. Senti kadhaa kwa picha. Sikuambiwa picha zinakwenda wapi. Kwa hiyo ukisema roboti inafagia yenyewe, mimi nakuuliza, yenyewe na nani? Mtu hajaondoka. Amesogezwa mbali mpaka huoni mgongo wake, na usichokiona hakikutoi barazani.

Ndiyo maana sikubaliani na dada moja kwa moja, na sikubaliani pia na wale wanaosema "kazi ni heshima, mwacheni mama wa watu afagie". Huwa ni watu wasiofagia. Nikaona ni upuuzi kuendelea kumjadili mtu anayepita mlangoni kwangu kila asubuhi. Nikamuuliza mwenyewe, kwa heshima, tukiwa uwanjani: mama mdogo, hapa ndani tukileta mashine ya kufagia, wewe utasema nini?

Akaegemea fagio. "Mwanangu, unadhani mimi napenda kufagia? Napenda hiyo mia na hamsini."

Nimesoma mengi kuhusu utu na kazi, sijakutana na sentensi iliyonyooka hivyo. Hakudai heshima ya fagio. Hakudai pia tumwonee huruma. Alikuwa akitenganisha vitu viwili ambavyo sisi wenye maswali makubwa tunavishikanisha: kazi, na riziki inayopita ndani yake. Mashine ikichukua kazi, hana shida. Ikichukua riziki, hiyo ni habari nyingine, na hapo si mashine iliyochukua, ni sisi. Roboti haina mfuko.

Nikampelekea dada wazo langu: tununue, lakini mama mdogo tuendelee kumpa kitu, angalau miezi michache, awekeze kwenye samaki wa kukaanga anaouza jioni. Sauti yake ilirudi haraka. "Mdogo wangu, mimi nafua nguo za ndani za watu hapa, leo niwe shirika la misaada?" Na ana haki. Pesa inayozungumziwa imetoka kwenye mgongo wake. Ni rahisi kuwa mwema kwa mfuko wa mwenzio, na mimi hapa nyumbani mchango wangu ni bando.

Hata hivyo nikafanya hesabu, kwa sababu ndiyo niliyotumwa. Niliyoichagua inatumia leza badala ya kamera, na ina kitufe cha kuiwasha bila simu wala waifai. Elfu 36. Mama mdogo kwa wiki nne ni elfu 3. Mashine ni mwaka mmoja wa mama mdogo. Fundi amekuja kutazama vizingiti. Amesema anaweza kuvimimina saruji ya mteremko pande zote mbili bila kuvikata, maji yasiingie, elfu 2 pamoja na mchanga. Mchanga! Hapa!

Jana nikamweleza mama mdogo hesabu yote, kwa kuwa sioni sababu ya kumficha. Akasikiliza vizuri. Akauliza inakula stima kiasi gani, nikamwambia kidogo. Akauliza, "Na uwanja?"

Uwanja hauwezi. Mchanga mtupu, majani ya mwarobaini, mizizi, kuku.

"Basi uwanja ni mia," akasema. "Ndani ndiyo ilikuwa hamsini."

Nikarudia hesabu nikiwa nimesimama palepale. Kwa hamsini kwa siku, siku tano kwa wiki, elfu 36 inarudi baada ya asubuhi 720, karibu miaka mitatu, bila kuhesabu saruji wala burashi mpya. Nimemtumia dada tarakimu peke yake, bila maoni. Alama mbili za buluu zimetokea tangu saa nne usiku. Bado hajajibu.