Je, Paketi Inaweza Kudanganya kwa Maneno ya Kweli?



Katika ukurasa huu napenda tutafakari pamoja swali linaloonekana dogo, lakini linagusa mfuko wa kila jamaa na afya ya kila mtoto. Ni maneno ya afya yaliyoandikwa kwenye paketi za vyakula: ina vitamini, haina kolesteroli, inaleta nguvu na akili. Je, tuyaamini? Na mtu anayesema neno la kweli kwa nia ya kupoteza wengine, amesema kweli au amesema uongo?

Zamani jambo hili halikutusumbua sana. Mkimbizi alipewa mahindi, maharage, mafuta na chumvi, akala alichopewa. Lakini mwaka 2014 PAM ilianza kutoa fedha kwa njia ya simu katika kambi ya Gihembe, kisha katika kambi nyingine za Rwanda, na jamaa nyingi zikaanza kujinunulia chakula. Mwenye kununua ndiye anayetafutwa na wauzaji. Na kwa kuwa fedha yenyewe ni kidogo, kila faranga inayopotea ni kijiko kinachotolewa mdomoni mwa mtoto.

Tuanze na chupa ya mafuta. Imeandikwa kwamba haina kolesteroli. Ni kweli. Lakini kolesteroli hutoka katika vyakula vya wanyama, kama nyama, mayai na maziwa. Mafuta ya mimea, yawe ya alizeti, ya soya au ya mawese, karibu hayana kabisa, hata yale ya galoni isiyo na maandishi. Ni sawa na mtu wa Bugeshi kuuza viazi akijisifu kwamba viazi vyake havina mifupa. Neno ni kweli, lakini limewekwa pale ili ulipe zaidi.

Tazama tena kinywaji chenye picha ya maembe. Geuza paketi usome orodha ya vitu vilivyomo. Kwa kawaida orodha hiyo huanza na kile kilicho kingi zaidi kwa uzito. Kama sukari ni ya kwanza, au inafuata tu baada ya maji, basi unanunua sukari, hata kama picha ni ya embe.

Kwa watoto wachanga jambo hili limeua. Wamama wasio na maji safi wala fedha ya kutosha walishawishiwa kutumia maziwa ya kopo, wakayachanganya na maji mengi ili yadumu, na watoto wakapata kuhara na utapiamlo. Ndiyo maana mwaka 1981, huko Geneva, nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilipitisha kanuni ya kukataza kuyatangaza maziwa hayo kwa watu, na kukataza picha ya mtoto mchanga kwenye kopo. Nchi 118 zilikubali, 3 hazikuegemea upande wowote, na moja tu, Marekani, ilikataa. Hata hivyo shida haikuisha. Mwaka 2024 shirika la Public Eye la Uswisi lilionyesha kwamba Cerelac iliyouzwa Ethiopia na nchi nyingine maskini ilikuwa imeongezwa sukari, wakati uji wa namna hiyo uliouzwa Uswisi haukuongezwa. Nestlé, wenye kuitengeneza, walijibu kwamba wanafuata sheria za kila nchi.

Hapo ndipo swali letu linapata jibu. Biblia inatufundisha katika Mithali 11:1 kwamba Mungu anachukia mizani inayopunja. Mwenye mizani hiyo hasemi neno lolote la uongo. Anaiacha mizani iseme kwa niaba yake. Basi udanganyifu hupimwa kwa kile unachokusudia jirani yako aamini. Kama unajua ataelewa vibaya, na unafurahi aelewe hivyo, umemdanganya.

Lakini ndugu zangu, tusikimbilie upande wa pili bila kufikiri. Siyo kila paketi inadanganya. Chumvi yenye madini ya joto inazuia rovu. Chakula cha paketi anachopewa mtoto mwenye utapiamlo katika kituo cha afya kinaokoa maisha. Mpe kama mganga alivyoagiza.

Na neno "asili" nalo linaweza kudanganya. Muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha huleta konzo, ugonjwa wa kupooza miguu ulioonekana sana huko Kwango. Mwaka 2004 nchini Kenya, mahindi ya nyumbani yaliyoota ukungu yaliua watu 125. Tena, sambaza tunazojivunia zililetwa ziwa Kivu kutoka Tanganyika mwaka 1959, na viazi vyetu asili yake ni Amerika. Kwa hiyo sombe, lengalenga, maharage na sambaza si vyema kwa sababu tu babu alivila. Ni vyema kwa sababu tunajua kilichomo, tunajua jinsi ya kuvitayarisha, na tumeona matunda yake katika miili ya watoto wetu.

Kumbukeni Danieli, sura ya kwanza. Alikuwa mhamishwa kama sisi. Alikataa chakula cha mfalme kwa ajili ya imani yake, lakini mbele ya msimamizi hakuomba kuaminiwa kwa maneno matupu. Aliomba ajaribiwe siku kumi kwa mboga na maji, kisha nyuso zitazamwe.

Neno la mwisho ni kwa wenye kuhukumu. Mama anayempa mtoto biskuti mara nyingi hakosi akili, anakosa kuni. Sombe inataka kutwangwa na moto wa muda mrefu. Biskuti haitaki moto. Kumhubiria sombe bila kumsaidia kuni ni kumpa nusu ya kweli, kama paketi. Basi wamama wa kila mtaa waweke sufuria moja, kuni za pamoja, na zamu ya kutwanga. Na kijana anayejua kusoma amsomee bibi yake orodha iliyo nyuma ya paketi kabla fedha haijatoka mkononi.

Mungu abariki meza zenu, hata zilizo na kidogo. Amina.