Kipindi cha Dini na Likizo ya Desemba

Wazazi wanaoleta watoto katika shule yetu ya kanisa hapa Bunda huwa nawauliza: kipindi cha dini kimpe mwanao nini? Wengi hujibu "nidhamu", wakimaanisha mtoto akiambiwa, anyamaze. Hapo ndipo tunapopishana.

Wakuu wa shule nao wana lao. Wanataka alama za Bible Knowledge, kwa hiyo mtoto anakaririshwa utangulizi, hoja sita na hitimisho, anapata A, na mwezi mmodi baadaye hakumbuki Amosi aligombana na nani. Wachungaji wanataka waumini. Mimi ni Mmenonite, na darasani nina Wakatoliki, Waadventista wa kutoka Majita na Ikizu, na Waislamu kadhaa kutoka Musoma mjini. Nikianza kuwavuta kila mmoja upande wangu, nitapata wanafiki wengi na Mkristo mmoja.

Mfano ninaoutegemea uko Butiama. Mtoto wa Chifu Nyerere Burito, yule tunayemwita Mwalimu Nyerere, alianza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akafundishwa dini na mapadre wa Nyegina. Alibatizwa mwaka 1943, akiwa mtu mzima aliyekwisha kupita Tabora na kuingia Makerere. Miaka tisa hivi! Leo tungesema mwalimu wake wa dini kashindwa kazi. Lakini mtu huyohuyo, mwaka 1970, alisimama New York mbele ya masista wa Maryknoll, shirika ambalo mapadre wake walikuwa wakifanya kazi Musoma tangu miaka ya 1940, akawaambia waziwazi kwamba Kanisa lisipopambana na mifumo inayowafukarisha watu litakosa maana. Muumini anayeweza kulikosoa Kanisa lake usoni na Jumapili bado akaenda kwenye ibada, huyo ndiye ninayemtaka atoke darasani kwangu.

Novemba moja nilikuwa nafundisha Amri Kumi kidato cha pili. Tulishapoteza dakika kumi nzuri, maana "Waheshimu baba yako na mama yako" kwa Wakatoliki ni ya nne na kwa sisi wengine ni ya tano, na kila upande ulitaka nikiri kwamba umehesabu sawa. Binti mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono, akauliza huku akiangalia daftari:

"Madam, baba akisema Desemba hii nikatahiriwe, nikikataa nimevunja amri?"

Mabishano ya namba yakafa palepale. Wote walijua anasema nini. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998 inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, lakini kwenye baadhi ya koo za mkoa wetu Desemba ina sheria zake.

Sikumjibu kwa hoja sita. Tulisoma Waefeso sura ya sita, tukavuka mstari ambao wazazi huupenda, tukafika ule wa nne, ambao akina baba nao wanapewa amri yao. Kisha nikamwambia: hapana, mwanangu, hujavunja. Mvulana mmoja hakukubaliana nami; alisema mila si dhambi, na bibi yake alikeketwa na ni mzee wa kanisa. Nilimwacha aseme mpaka amalize, kisha wenzake wakamjibu vizuri kuliko ambavyo ningemjibu mimi.

Kwangu hilo ndilo lengo la somo: mtoto apate Maandiko, apate na ujasiri wa kuyauliza yanamwambia nini kuhusu mwili wake, baba yake na jirani yake. Alama zije, zisije, hilo ni la baraza la mitihani.

Walimu wenzangu wa Mara, kabla hamjafunga shule mwezi wa kumi na mbili, kipindi kimoja msikipeleke kwenye marudio ya mtihani. Wapeni wasichana, na wavulana pia, waulize. Na kwenye ubao andikeni namba ya simu ya Dawati la Jinsia na Watoto la kituo cha polisi kilicho karibu.