Kabla ya Makuti, Jiko

Moto uliounguza Kilimanjaro Oktoba 2020 ulianzia mahali pa kula. Jumapili ya tarehe 11 moshi ulionekana Whona, kituo cha kupumzikia kwenye njia ya Marangu, kati ya Mandara na Horombo. Taarifa za mwanzo za TANAPA, Shirika la Hifadhi za Taifa, zilisema wapagazi walikuwa wakiwaandalia wageni chakula. Upepo ulikuwa mkali na majani yamekauka, basi moto wa sufuria ukawa moto wa mlima. Walipanda askari wa hifadhi, wanavijiji na wanafunzi wa Chuo cha Mweka, mamia ya watu, wakapambana nao siku nyingi. Kambi ya Horombo yenyewe haikusalimika. Baadhi ya majengo yake yaliungua.

Oktoba 2022 mlima uliwaka tena, safari hii karibu na kambi ya Karanga, upande wa kusini.

Nauleta mkasa huu hapa Fumba, Unguja, kwa sababu rasi yetu inafaa sana kwa kambi ya vijana. Pwani ya Menai ni tulivu, mjini si mbali, na likizo ya Disemba watoto wana wiki kadhaa za kucheza na kujifunza. Lakini likizo hiyo huingia pamoja na kaskazi. Vuli ikishapita, vichaka vya juu ya mawe hukauka upesi, maana udongo wetu ni haba na maji ya mvua huzama maweni yakapotea. Ndio msimu ambao wakulima husafisha makonde kwa moto wakisubiri masika, na tanuri za makaa zinafuka humo humo vichakani. Cheche haihitaji mwaliko.

Banda la makuti la kambi likiungua, kulisimamisha tena si kazi kubwa. Boriti zinapatikana, makuti yanasukwa vijijini, mafundi tunao, na wafadhili hupenda kuchangia paa kwa sababu paa linaonekana. Wepesi huo ndio unaonitia hofu. Paa jipya hufika kabla hajapatikana mtu wa kuuliza chakula kitapikwa wapi. Mafiga yanarudi palepale, upande wa upepo, hatua chache kutoka ukuta wa makuti, na kuni zimerundikwa chini ya upenu zisilowe. Hapo tumejenga upya mpaka sababu ya moto.

Kwa hiyo anayejenga aanze na jiko. Liwe la mawe na saruji, paa lake la bati, mbali na mabweni, upande ambao kaskazi inapeleka cheche pwani na si kwenye makuti. Mtungi wa gesi ukae nje. Uwanja unaozunguka mabanda ufagiliwe majani makavu kila wiki ya kiangazi, na kati ya kambi na kichaka kuwe na ukanda mtupu. Maji ya kuzimia moto yawe na tangi lake, lisiguswe kwa kupikia wala kuogea. Maji ya chumvi ya kisimani yanazima moto vilevile, kwa hiyo uhaba wa maji matamu si udhuru.

Kichaka chenyewe nacho kisiachwe nje ya hesabu. Andreas Hemp, mtaalamu wa mimea aliyeutafiti Kilimanjaro kwa miaka mingi, ameonyesha kuwa mioto ya kurudiarudia imeushusha mpaka wa juu wa msitu tangu 1976, na kwamba miti inayokinga unyevu wa ukungu imepotea kwa maelfu ya hekta. Mlima haukurudisha ulichonyang'anywa. Nasi maweni mwetu, kivuli kilichoungua kinahitaji miaka, na anayekata kilichobaki ili apate boriti za kujengea anaiacha kambi juani.

Halafu kuna mlango, na hapa sina subira. Machi 1998 wasichana 26 waliteketea bwenini katika shule ya Bombolulu, Kwale, Kenya, pwani hii hii ya kwetu. Mlango ulifungwa kwa nje na madirisha yana nondo. Miaka mitatu baadaye, katika shule ya Kyanguli, Machakos, walikufa wavulana 67, na mmoja wa milango miwili ulikuwa umefungwa. Mwaka 2008 Kenya ikatoa mwongozo wa usalama shuleni: milango ya bweni ifunguke kwa nje, isifungwe kwa nje wanafunzi wakiwa ndani, madirisha yasiwekwe nondo. Septemba 2024, Endarasha, Nyeri, wavulana 21 walikufa katika bweni lililojaa watoto. Mwongozo ulikuwepo.

Najua hoja ya mwenye kambi: ufuo uko wazi, vibaka wapo, na wazazi wa mabinti wanataka kuona kufuli. Basi aajiriwe mlinzi wa zamu anayekesha, na komeo liwe la ndani, jepesi, linalofunguliwa na mtoto wa miaka minane bila ufunguo. Kikosi cha Zimamoto na Uokozi kialikwe kukagua kabla paa halijapanda, wakati mlango wa pili bado unaweza kuongezwa kwa gharama ndogo. Na usiku wa kwanza wa kila kambi watoto waamshwe gizani, watoke wote, wahesabiwe kwa daftari chini ya mti uliochaguliwa. Wakikuta mlango mmoja mgumu, fundi aitwe asubuhi, na bweni hilo lisilaliwe mpaka amalize.