Vipande Vilivyosalia

Somo: Yohana 6:1–13



Habari ya mikate mitano na samaki wawili tumeisikia tangu shule ya Jumapili, na kila tunapoisikia macho yetu huenda kwenye muujiza. Lakini tuusome tena mstari wa 12. Watu wamekwisha kushiba, wanajipangusa midomo, na Bwana anawaagiza wanafunzi wazunguke katika majani kuokota vipande. Yeye aliyelisha watu elfu tano kwa chakula cha mtu mmoja anahangaikia makombo! Wala Yohana hasemi vipande vile vilipelekwa wapi. Anasema tu kwamba vilijaza vikapu kumi na viwili.

Sisi tuliokaa miaka mingi katika chuo cha ualimu tunalifahamu agizo hilo. Tuliwaambia wanachuo wasitupe vipande vya chaki bali waviweke katika kopo juu ya meza, nao walicheka wakisema mwalimu ni bahili. Muhula ulipokaribia mwisho na chaki za stoo zikaisha, kopo lile ndilo lililofundisha hesabu.

Tumeyakumbuka hayo kwa sababu ya mchango wa sola ulioombwa na halmashauri ya parishi yetu. Ni jambo jema, nasi tutachanga. Ila kabla ya kuchanga tungependa kuwapeleka mbali kidogo, hadi Vermont, jimbo dogo la Marekani linalopakana na Kanada. Watu wa huko wamehangaika na jambo hili hili kwa muda mrefu, na mema yao na makosa yao yote yatufaa.

Vermont ni nchi ya vilima, misitu na ng'ombe wa maziwa. Wakazi wake ni kama 640,000 tu, na katika majimbo yote 50 ni Wyoming peke yake yenye watu wachache zaidi. Baridi yake ni ya kuua. Mwaka 1941, juu ya kilima kiitwacho Grandpa's Knob, ilisimamishwa mashine ya upepo yenye mapanga mawili, ya kwanza duniani kuingiza umeme wa zaidi ya megawati moja katika gridi. Mwaka 1943 beringi yake kubwa ikaharibika, na kwa kuwa ilikuwa wakati wa vita, ilikaa kimya kama miaka miwili. Udhaifu ulijulikana kuwapo kwenye shina la mapanga, lakini haukurekebishwa. Tarehe 26 Machi 1945 panga moja, lenye uzito wa tani nane hivi, likakatika na kuruka. Fedha za kuanza upya hazikupatikana, na mambo yakaishia hapo.

Hatuwacheki. Ila binadamu ndivyo tulivyo, twapenda kitu kirefu kinachoonekana kutoka barabarani.

Wajukuu wa watu wale waligeukia makombo. Mwaka 1990 wapiga kura wa Burlington, mji mkubwa kuliko yote katika jimbo hilo, walikubali mji wao ukope dola milioni 11.3. Fedha hizo hazikuwa za kujenga mtambo, bali za kupunguza umeme unaopotea majumbani na madukani. Miaka ishirini na mitano baadaye mji ule ulikuwa ukitumia umeme pungufu kidogo kuliko wa mwaka 1989, ingawa shughuli zake zilikuwa zimeongezeka. Kisha mwaka 2000 jimbo zima likaunda chombo kiitwacho Efficiency Vermont, ambacho kazi yake ni kuwasaidia watu watumie umeme mdogo zaidi. Kila mtu anayelipa bili hukichangia fedha kidogo. Tazameni busara iliyomo: muuza umeme hupata faida akiuza zaidi, kwa hiyo kazi ya kupunguza ikapewa mwingine asiyeuza.

Na kazi yenyewe hufanywaje? Kwa nyumba yenye baridi, fundi hufunga feni kubwa katika mlango wa mbele, nayo huvuta hewa ya ndani na kuitupa nje. Hapo hewa ya nje hupenya kwa nguvu kila penye tundu, naye hupitisha mkono kwenye madirisha, dari na pembe za kuta. Penye ufa mkono huusikia upepo. Baadaye nyufa huzibwa, na dari hujazwa nyuzi za karatasi zilizosagwa, ili joto lililonunuliwa kwa fedha lisitoroke. Hakuna waziri wala askofu anayealikwa kukata utepe kwa ajili ya ufa ulioziba.

Mwaka 2014 Burlington ulinunua mtambo wa maji wa mto Winooski. Kwa huo, pamoja na upepo na mtambo wake wa kuchoma vibanzi vya kuni uliojengwa mwaka 1984, ukatangaza kwamba umeme wake wote unatokana na vyanzo visivyokwisha. Mwaka 2024 bunge la jimbo likapitisha sheria, juu ya pingamizi la gavana, kwamba kampuni zote za umeme zifike hapo ifikapo 2035. Ni sifa ya haki, ila tuongeze kwamba hayo ni ya umeme tu. Nyumba nyingi za Vermont bado zinapashwa joto kwa mafuta na gesi, na magari mengi yanakunywa petroli.

Lakini liko jambo zito zaidi. Sehemu kubwa ya umeme wa Vermont hutoka Quebec, Kanada, katika mabwawa makubwa. Mwaka 2010 Vermont ilikubali kwa sheria kuyahesabu mabwawa hayo kuwa nishati isiyokwisha. Na maji yake ni yale yaliyofunika mawindo ya Wakri, wenyeji wa nchi ile. Mto La Grande ulipofungwa, samaki waliingiwa na zebaki, na watu wakaonywa wasiwale kwa wingi. Kijiji cha Fort George, kilichokuwa kisiwani mtoni, kilihamishwa mwaka 1980 na 1981 kwa hofu kwamba maji yaliyoongezeka yangekimega. Wengi wa Wakri hao ni Waanglikana kama sisi. CMS iliyomtuma Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, ndiyo iliyompeleka mwalimu wa shule aitwaye John Horden kwa Wakri mwaka 1851. Tumezaliwa na mama mmoja.

Serikali ilipotaka kuufunga na mto wao mwingine, Wakri na jirani zao Wainuit walitengeneza mtumbwi mmoja, wakausafirisha na kupiga makasia hadi New York, wakafika Aprili 1990 kuwaambia wanunuzi umeme ule unatoka wapi. Mwaka 1994 mpango huo ukawekwa kando.

Turudi kwa Yohana. Wainjilisti wote wanne wanasimulia habari ya mikate, lakini ni yeye peke yake anayetuambia kwamba ilikuwa ya mtoto. Kabla ya vikapu kumi na viwili kulikuwa na chakula cha mchana cha mtoto mmoja, na Andrea alimwona.

Sasa, mchango wetu wa sola umepangwa sawa kwa kila nyumba. Katika nyumba hizo zimo za wajane wanaowasha kibatari, ambao hawajapata kuingiza nguzo wala waya. Tunaiomba halmashauri kwa heshima iupime upya mpango huo, wao wasamehewe au watoe wanachoweza, nasi wenye mita nyumbani tuongeze. Tena kabla ya kununua sola tujue tunahitaji kiasi gani. Taa za nje ya kanisa huwaka mchana kutwa kwa sababu swichi imo katika chumba kinachofungwa. Friji ya ofisini mpira wa mlango wake umekatika, na soda mbili zilizomo huipa kazi usiku na mchana. Vipaza sauti huachwa vinawaka toka Jumapili hadi Jumatano. Katibu tayari ametupatia stakabadhi za LUKU za mwaka mzima.

Jumamosi ijayo saa tatu asubuhi tutakutana kanisani kuzunguka chumba kwa chumba. Vijana waje na kalamu na daftari. Mwenye ngazi ndefu tafadhali aje nayo.