Nani Kamweka Kasuku Tunduni?

Ndugu msomaji, hebu mtazame kasuku huyu. Yumo tunduni, na maneno ya Kilatini yaliyoandikwa naye yanasema eti amechangamka zaidi tangu apoteze uhuru. Ni picha ya kuchongwa kwenye shaba, katika kitabu alichokitoa mwanasheria Jacob Cats huko Uholanzi mwaka 1618. Kasuku ndiye kijana aliyependa. Cheka tu, jamaa kama hao unawajua. Ila Cats alikuwa mjanja: picha ileile aliieleza mara tatu, kwanza kimapenzi, kisha kijamii, mwisho kidini. Umekuja kucheka, unatoka umehubiriwa!

Mimi kejeli hiyo naikubali nusu. Kasuku alinaswa. Mpenzi je, si aliingia kwa miguu yake? Basi naona Otto van Veen, mwalimu wa mchoraji Rubens, alikaribia ukweli zaidi. Kitabu chake cha Antwerp, 1608, kina nondo (mdudu, siyo chuma cha zege) wanaojiunguza kwenye mshumaa. Hapo angalau mdudu karuka mwenyewe.

Lakini anayependwa kawa moto, na moto ndio unaoua. Hapo ndipo ninapogoma. Sisi Waswahili tuna neno moja, mwali, kwa binti na kwa ulimi wa moto, kwa hiyo kesi hii inatuhusu. Mwali haukumwita mtu, unawaka mahali pake. Ningelipa pesa kuona ukurasa mmoja uliochorwa kutoka upande wa mshumaa: usiku, wadudu wanajigonga, na hakuna aliyeuliza kama wanatakiwa.